Mahali pa kielelezo (jiolojia)

Mahali pa kielelezo, katika jiolojia, ni mahali halisi ambapo fungu fulani la miamba lilielezwa kwa mara ya kwanza na kupewa jina. Kwa kawaida jina hilo hutokana na mlima, mto, bonde au kijiji kilicho karibu. Mtu akikuta miamba inayofanana kwingine, huilinganisha na ile ya mahali pa kielelezo kabla ya kuipa jina hilo. Hivyo jina la fungu la miamba hufanya kazi ya anwani: humwelekeza msomaji mahali ushahidi ulipo, ili aweze kwenda kuuhakiki mwenyewe.

Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, pamoja na mabonde yanayoupakana, una majina matatu yanayosaidia kueleza jambo hili: Kilimatinde, Wembere na Mahenge. Kila moja linaonyesha upande tofauti wa kazi ya kutoa majina, na pia hasara inayoweza kutokea jina likitolewa bila uangalifu au mahali penyewe pakipotea.

Fungu la miamba na ngazi zake

Miamba ya ardhini imepangika kwa namna mbalimbali. Mingine ni matabaka ya mchanga, tope au majivu ya volkeno yaliyolala moja juu ya jingine; mingine, kama graniti ya majabali yanayouzunguka mji wa Singida, ni miamba iliyopoa kutoka hali ya uji wa moto ndani ya ardhi. Elimu inayoshughulika na mpangilio wa matabaka huitwa stratigrafia.

Katika stratigrafia, fungu la msingi huitwa formesheni. Formesheni ni miamba yenye sifa za pamoja zinazoitofautisha na miamba iliyo chini yake na juu yake, na yenye ukubwa wa kutosha kuchorwa kwenye ramani. Unene si kigezo: formesheni inaweza kuwa na unene wa mita chache au wa maelfu ya mita. Kinachotakiwa ni kwamba mtu aliye uwanjani aweze kuitambua kwa sifa za miamba yenyewe, bila kutegemea kwanza umri wake.

Ngazi za mafungu haya, kuanzia kubwa hadi ndogo, ni hizi:

1. Kundi: formesheni mbili au zaidi zinazohusiana.
2. Formesheni: fungu la msingi.
3. Memba: sehemu ya formesheni yenye sifa zake za pekee. Neno hili hapa halina maana ya mwanachama.
4. Tabaka: fungu dogo kabisa linalopewa jina, kwa mfano tabaka moja la majivu ya volkeno linaloonekana waziwazi.

Si kila formesheni hugawanywa katika memba, wala si kila formesheni huwekwa ndani ya kundi.

Mkato wa kielelezo

Mahali pa kielelezo ni eneo. Ndani ya eneo hilo huchaguliwa sehemu mahsusi ambapo matabaka yanaonekana vizuri kutoka chini hadi juu, kama vile ukingo wa korongo, genge, ukuta wa machimbo au mtaro wa barabara. Sehemu hiyo huitwa mkato wa kielelezo. Mwanajiolojia huupima mkato huo tabaka kwa tabaka na kuandika unene, rangi, ukubwa wa chembe, madini na visukuku vilivyomo. Kisha huonyesha mipaka miwili: mahali formesheni inapoanzia chini na mahali inapoishia juu.

Mara nyingi hakuna mkato mmoja unaoonyesha formesheni yote. Hapo mikato kadhaa huunganishwa, mmoja ukionyesha sehemu ya chini na mwingine sehemu ya juu. Mikato ya nyongeza huweza pia kuchaguliwa mbali na mahali pa kwanza, ili kuonyesha jinsi formesheni inavyobadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Kanuni za kutoa jina

Kanuni za kimataifa zilikusanywa katika mwongozo wa stratigrafia uliotolewa mwaka 1976 chini ya uhariri wa Hollis Hedberg. Toleo la pili, lililohaririwa na Amos Salvador, lilitoka mwaka 1994. Baadhi ya nchi zina kanuni zao pia, lakini mambo makuu yanafanana:

1. Jina liwe na sehemu mbili: jina la mahali, na neno la ngazi au la aina ya mwamba.
2. Jina la mahali liwe la kudumu na lipatikane kwenye ramani. Majina ya watu hayatumiki.
3. Jina lisiwe limeshatumika kwa fungu jingine la miamba, hasa katika nchi au kanda ileile.
4. Maelezo yachapishwe mahali ambapo wanasayansi wengine wanaweza kuyasoma. Jina lililotajwa kwenye daftari au katika mazungumzo tu halihesabiki kuwa rasmi.
5. Maelezo yataje mahali pa kielelezo, mkato wa kielelezo, aina ya miamba, unene, mipaka, jinsi fungu linavyoenea, na umri kama unajulikana.
6. Jina lililotangulia kuchapishwa kwa utaratibu hupewa kipaumbele.

Kanuni hizi zilikuja baada ya majina mengi kuwa yameshazoeleka. Kwa sababu hiyo majina ya zamani huachwa yaendelee hata yanapokwenda kinyume nazo. Mfano mzuri ni Formesheni ya Tendaguru mkoani Lindi, maarufu kwa mifupa ya dinosauri iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Formesheni yenyewe imepewa jina la kilima cha Tendaguru, lakini memba zake kadhaa zina majina ya visukuku badala ya majina ya mahali. Mwaka 2009 Robert Bussert, Wolf-Dieter Heinrich na Martin Aberhan walichapisha maelezo rasmi ya formesheni hiyo na memba zake sita, karibu miaka mia moja baada ya mifupa kuanza kuchimbwa. Majina ya memba yaliyokwisha kuzoeleka waliyabakiza.

Tofauti na majina mengine ya kijiolojia

Wanafunzi huchanganya aina tatu za majina, kwa kuwa zote huweza kutokana na mahali.

Aina ya kwanza ni majina ya vipindi vya wakati. Devoni ilipata jina kutoka Devon nchini Uingereza, Permi kutoka mji wa Perm nchini Urusi, na Jura kutoka milima ya Jura kati ya Ufaransa na Uswisi. Majina haya sasa hutaja wakati, na wakati ni mmoja dunia nzima. Miamba ya Jura ipo Lindi ingawa milima ya Jura iko Ulaya.

Aina ya pili ni majina ya aina za mwamba. Kimberliti, mwamba unaoweza kubeba almasi, ina jina la mji wa Kimberley nchini Afrika Kusini. Kimberliti hupatikana Shinyanga, Singida na kwingineko duniani, kwa sababu jina linataja mwamba wenye madini na asili ya namna fulani, popote ulipo.

Aina ya tatu ni majina ya mafungu ya miamba, ambayo ndiyo mada ya makala hii. Formesheni ya Tendaguru inaishia pale matabaka yake yanapoishia. Matabaka ya umri uleule yaliyoko Amerika ya Kaskazini, hata yakiwa na dinosauri wa kufanana, ni ya formesheni nyingine yenye jina lake: Formesheni ya Morrison, iliyopewa jina la mji mdogo wa Morrison katika jimbo la Colorado, Marekani.

Kilimatinde: jina la mahali na neno la mwamba

Kilimatinde iko wilayani Manyoni, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa unaotazama mbuga ya Bahi. Wakati wa utawala wa Wajerumani ilikuwa kituo muhimu cha serikali. Katika jiolojia jina lake limebaki kwenye fungu la miamba liitwalo Sementi ya Kilimatinde.

Neno sementi hapa halihusu saruji ya kujengea. Lina maana ya mchanga, udongo na vipande vya mawe vilivyogandishwa pamoja na silika hadi kuwa mwamba mgumu. Sementi hiyo imelala juu ya graniti na miamba mingine ya kale sana ya kitovu cha Tanzania, ambayo ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Sementi yenyewe ni changa kwa kulinganisha nayo.

Jina hili linafuata njia ya kwanza ya kanuni: mahali likifuatiwa na aina ya mwamba, badala ya mahali likifuatiwa na neno formesheni. Faida yake ni kwamba msomaji wa ramani anajua mara moja atakachokikuta. Kasoro yake ni kwamba neno moja haliwezi kueleza mabadiliko yote. Fungu likienda mbali, mchanga unaweza kupungua na udongo kuzidi, au mgando ukawa hafifu, na hapo ni mahali pa kielelezo panapoamua kama jina bado linafaa.

Jina likishikamana na tabaka moja linalotambulika, tabaka hilo huweza kutumika kama kipimo. Tuseme tabaka lililowekwa likiwa karibu tambarare linaonekana juu ya genge la ufa, kisha linaonekana tena chini bondeni. Tofauti ya kimo kati ya sehemu hizo mbili huonyesha ardhi ilivyoshuka baada ya tabaka kuwekwa. Lakini hesabu hiyo ni sahihi tu ikiwa sehemu zote mbili ni za fungu lilelile. Zikiwa ni matabaka mawili tofauti yaliyopewa jina moja kwa kufanana rangi, ufa utapimwa vibaya.

Wembere-Manonga: formesheni na memba zake

Upande wa magharibi wa nyanda za juu za Iramba kuna mbuga pana ya Wembere, inayopakana na mkoa wa Tabora. Mto Manonga hutiririsha maji yake kuelekea mbuga hiyo, na maji ya Wembere huingia katika Ziwa Kitangiri, kisha hupitia mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Katika bonde la Manonga kuna matabaka ya mchanga, udongo na chokaa yaliyowekwa na ziwa na mabwawa ya kale, yakiwa na mifupa ya wanyama.

Mifupa ya bonde hilo ilijulikana tangu enzi za Tanganyika chini ya Waingereza. Hata hivyo, mpangilio rasmi wa matabaka ulifanywa katika miaka ya 1990 na watafiti walioongozwa na Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York, akiwamo mwanastratigrafia Jacques Verniers kutoka Ubelgiji. Matokeo yao yalikusanywa katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1997. Formesheni iliitwa Wembere-Manonga na kugawanywa katika memba tatu. Kutoka chini, yaani ya zamani zaidi, hadi juu ni:

1. Memba ya Ibole
2. Memba ya Tinde
3. Memba ya Kiloleli

Memba hizo zina majina ya mahali zilipochunguzwa. Kwa kulinganisha wanyama wake na wale wa maeneo mengine ya Afrika Mashariki yaliyopimwa umri, formesheni ilikadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 5.5 hadi 4. Wanyama hao ni pamoja na jamaa wa kale wa tembo, viboko, nguruwe na farasi wenye vidole vitatu, pamoja na kasa, mamba na samaki.

Mgawanyo wa memba una faida kubwa kwa visukuku. Mfupa uliookotwa juu ya ardhi bila kujua ulitoka tabaka lipi hausemi mengi. Mfupa ukijulikana kuwa umetoka katika Memba ya Ibole, unakuwa wa zamani kuliko ule wa Kiloleli, hata kama yote miwili iliokotwa kilomita nyingi mbali na mahali pa kielelezo. Bila majina yaliyofafanuliwa, wanyama walioishi kwa nyakati tofauti wangehesabiwa kuwa walikunywa maji ya ziwa moja siku moja.

Mahenge: ziwa moja, kielelezo kimoja

Mahenge ya Singida iko kwenye uwanda wa juu magharibi mwa mji wa Singida. Hapo kimberliti ililipuka kutoka chini ya ardhi na kuacha krateri. Krateri ikajaa maji, na tope laini likatulia kidogo kidogo katika sakafu ya ziwa, likifunika samaki, majani na wanyama wadogo. Upimaji wa umri wa fuwele za zirikoni umeonyesha takriban miaka milioni 46, katika kipindi cha Eoseni.

Mabomba ya kimberliti ya Singida yalichunguzwa na mwanajiolojia George Mannard, aliyeandika tasnifu juu yake mwaka 1962 katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Kabla ya hapo, mwaka 1960, P. H. Greenwood alikuwa ameshaeleza samaki mdogo aitwaye Palaeodenticeps tanganikae. Mwaka 1967 Greenwood na Colin Patterson walieleza samaki mwingine, Singida jacksonoides. Baadaye Alison Murray alieleza spishi tano za Mahengechromis, samaki wa jamii ya sato, perege na furu. Hao ni miongoni mwa visukuku vya kale zaidi vya jamii hiyo vinavyojulikana duniani. Mwaka 2003 alielezwa popo Tanzanycteris mannardi, aliyepewa jina la Mannard, na mwaka 2005 chura Singidella latecostata.

Majina ya wanyama hufuata kanuni zake, na hayo huruhusu majina ya watu. Hata hivyo spishi na tabaka hushikana. Wanasayansi wanaouliza jinsi jamii ya sato na perege ilivyoenea Afrika, Madagaska, India na Amerika ya Kusini hutumia samaki wa Mahenge kama kipimo cha chini cha umri: jamii hiyo haiwezi kuwa changa kuliko kisukuku chake. Hoja hiyo yote inategemea samaki hao wawe wametoka kweli katika tabaka lililopimwa.

Mahenge inatofautiana na Wembere-Manonga kwa jambo moja kubwa. Matabaka ya Wembere-Manonga yameenea katika bonde pana, kwa hiyo mkato mmoja ukiharibika mwingine unaweza kutafutwa. Matabaka ya Mahenge ni ya krateri moja. Mahali pa kielelezo na fungu lenyewe ni karibu kitu kimoja, na hakuna bonde jingine ambalo tope la ziwa lile liliendelea.

Majina yanayogongana

Jina la Mahenge lina tatizo jingine. Tanzania ina Mahenge nyingine inayojulikana zaidi, mji wa wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro. Milima ya huko ina miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, kama marumaru, na inasifika kwa vito vya spineli na kwa madini ya grafiti. Miamba hiyo haihusiani kabisa na ziwa la Singida. Msomaji anayekuta maneno "miamba ya Mahenge" peke yake hawezi kujua kama anaambiwa habari za marumaru au za samaki wa Eoseni. Ndiyo sababu waandishi makini hutaja mkoa pamoja na jina, na ndiyo sababu kanuni zinakataza jina moja kutumika mara mbili.

Majina yanayobadilika

Vijiji huhama na majina huandikwa upya, lakini jina la fungu la miamba halibadilishwi kwa sababu hiyo. Afrika Mashariki ina mifano miwili mashuhuri:

Kavirondi: mfumo wa miamba ya kale magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania ulipewa jina kutokana na Ghuba ya Kavirondo. Ghuba hiyo sasa huitwa Ghuba ya Winam, ila jina la miamba limebaki.

Laetolil: matabaka ya kusini mwa Olduvai, yenye nyayo za miaka milioni 3.66, yaliitwa Matabaka ya Laetolil. Mahali penyewe sasa panaandikwa Laetoli, lakini jina la matabaka limebaki na herufi yake ya mwisho.

Olduvai yenyewe huitwa Oldupai na wengi, kwa jina la mmea wa katani pori katika Kimaasai. Kama kila badiliko la tahajia lingefuatwa na jina jipya la miamba, maandishi ya zamani na mapya yasingeweza kulinganishwa.

Mahali pakipotea

Mahali pa kielelezo panaweza kupotea kwa mmomonyoko, kwa kufunikwa na bwawa, au kwa machimbo, barabara na majengo. Pakipotea, kanuni zinaruhusu mkato mpya kuchaguliwa ndani ya fungu lilelile, ukiwa karibu na ule wa kwanza kadiri inavyowezekana. Mkato mpya lazima uelezwe na kuchapishwa. Maelezo ya zamani, michoro, picha na sampuli zilizohifadhiwa makumbusho husaidia kuhakikisha kwamba mkato mpya ni wa miamba ileile.

Nchini Tanzania ramani za jiolojia huandaliwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao makuu Dodoma. Vibali vya utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa mwaka 1986. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ndiyo sheria kuu ya kulinda mali za kale za nchi.

Kwa fungu lililoenea kama Wembere-Manonga, kupotea kwa mkato ni hasara inayoweza kurekebishwa. Kwa fungu la mahali pamoja kama Mahenge ya Singida, mashimo yakifukiwa au tope likichimbwa lote, kitakachobaki ni sampuli za makumbusho na maandishi. Swali jipya kuhusu tabaka ambalo hakuna aliyelichukulia sampuli halitakuwa na mahali pa kujibiwa.